Josef Sudek na mandhari yasiyotamaniwa

Wahenga walitufunza kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii wanafunzi huikariri tangu shule ya msingi, walimu huitungia maswali ya insha, na ni nadra kumpata mtu wa kuikanusha. Hata hivyo, katika historia ya sanaa ya upigaji picha yupo bwana mmoja aliyeishi na methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani mkono mmoja wa nyama na mifupa, kwa muda wa karibu miaka 60. Bwana huyo ni Josef Sudek, Mcheki aliyefanya kazi katika jiji la Prague hadi alipofariki mwaka 1976. Ameacha maelfu ya picha nyeusi na nyeupe ambazo leo huhesabiwa miongoni mwa hazina kubwa za sanaa ya Ulaya ya karne ya 20.

Aghalabu maisha ya mtu wa aina hii husimuliwa ili kuwatia moyo walemavu. Msimulizi akishafika mahali pa mkono uliokatwa na kazi iliyoendelea, huhitimisha kwa kusema kuwa kulemaa si kulemaa, kisha akaweka kalamu chini. Naona huko ni kumpunja Sudek. Mkono uliopotea ni sehemu ya habari yake, lakini kiini cha habari ni kile alichokitazama. Kamera yake aliielekeza kwenye vitu ambavyo wengine walivipita bila kugeuza shingo: miti iliyokwisha kupukutisha majani, vichochoro vilivyomezwa na ukungu, vioo vya dirisha vilivyotota mvuke, na ardhi iliyochimbuliwa makaa ya mawe hadi ikabaki tope na mashimo. Hoja ya makala haya ni kwamba mandhari yasiyotamaniwa yanahitaji shahidi zaidi kuliko yale yanayopendeza, na kwamba Sudek aliitoa kazi hiyo ya ushahidi kwa uaminifu ambao walimu na wanafunzi wetu watafaidika kuufahamu.

Sudek alizaliwa tarehe 17 Machi 1896 katika mji wa Kolín, nchini Bohemia, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Dola ya Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi, naye alifariki Josef akingali mtoto mdogo, akamwacha mama na mzigo wa kumlea mvulana huyo pamoja na dada yake, Božena. Kijana alipelekwa Prague kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Kazi hiyo ya mikono, inayodai utulivu, usafi na vipimo visivyokosea, ndiyo aliyotarajia kuifanya maisha yake yote. Upigaji picha ulikuwa burudani tu ya wakati wa mapumziko. Božena naye alijifunza upigaji picha kama kazi, na hapana shaka kwamba ndugu hawa wawili walipokezana mengi.

Mwaka 1915 Sudek aliitwa jeshini. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimepamba moto, na mwaka uliofuata akapelekwa kwenye mstari wa mbele wa mapigano nchini Italia. Alikwenda na kamera yake, akapiga picha za askari wenzake na za nchi iliyoharibiwa na mizinga. Mwaka 1917 kipande cha kombora kilimpiga mkono wa kulia. Jeraha lilikataa kupona, na hatimaye madaktari wakalazimika kuukata mkono wote hadi begani. Akiwa na umri wa miaka 21, fundi wa kujalidi vitabu alikuwa hana tena cha kujalidia.

Kwa takriban miaka mitatu alikuwa mtu wa hospitali. Baada ya vita dola iliyompeleka Italia ilivunjika, na mwaka 1918 taifa jipya la Chekoslovakia likazaliwa. Majeruhi wa vita walipewa malipo madogo ya ulemavu, na wengine wakatafutiwa kazi nyepesi. Sudek naye alipendekezewa kazi ya ofisini, akaikataa. Alishikilia kamera. Ukiitafakari hatua hiyo utatambua jinsi ilivyokuwa ya ujasiri, kwani kamera za siku hizo hazikuwa vidude vya kutia mfukoni. Zilikuwa masanduku ya mbao yaliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, yenye vioo vya kuvunjika na mabamba ya kuingizwa na kutolewa kwa uangalifu gizani. Watu waliomfahamu walimwona akitumia meno mahali ambapo mwingine angetumia vidole vya mkono wa pili.

Miongoni mwa picha zake za mwanzo zenye uzito ni zile alizopiga kati ya mwaka 1922 na 1927 katika jumba la Invalidovna mjini Prague, lililokuwa makao ya askari waliolemazwa na vita. Hakuwapiga picha za kuwahurumia. Wamekaa mezani, wamevuta sigara, wamesimama penye mwanga unaopenya dirishani, na moshi na vumbi vimeugeuza mwanga huo kuwa kama pazia. Wanaume hao walikuwa wenzake. Kama yeye, walikuwa wamewekwa kando na ulimwengu uliokuwa na haraka ya kusahau vita. Hapo ndipo ilipochimbuka tabia yake ya kuvikalia kitako vitu vilivyowekwa kando.

Wakati huohuo alijiunga na Chuo cha Serikali cha Sanaa za Michoro mjini Prague, ambako alisoma kuanzia mwaka 1922 hadi 1924 chini ya mwalimu Karel Novák. Hakuwa mwanafunzi wa kunyenyekea kila rai. Yeye na vijana wenzake, akiwemo Jaromír Funke, walikosana na wazee wa chama cha wapiga picha, ambao bado walipenda picha zilizopakwapakwa na kufinyangwa ili zifanane na michoro ya rangi. Vijana hao walidai kwamba picha ibaki picha. Mwaka 1924 walianzisha chama chao wenyewe, Chama cha Wapiga Picha cha Cheki. Ugomvi huo, ambao kwa mbali waweza kuonekana kama mzozo wa watoto juu ya rangi za kupaka, ulikuwa na maana kubwa: ulihusu iwapo mpiga picha ana ruhusa ya kuupamba ulimwengu kabla ya kuuonyesha.

Kazi iliyompa jina ilikuwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Vitus. Ujenzi wa kanisa hilo ulianza mwaka 1344 na haukukamilika hadi 1929, muda wa karibu karne sita. Katika miaka ya mwisho ya ujenzi, Sudek aliingia humo na kamera yake, akapiga picha za matoroli, kamba, mbao na marundo ya mchanga yaliyolala chini ya matao matukufu huku miale ya jua ikiteremka kupitia vumbi. Mtu mwingine angengoja mafundi waondoke na sakafu ifagiliwe. Mwaka 1928, taifa lake lilipoadhimisha miaka 10 ya uhuru, picha 15 za kanisa hilo zilitolewa katika mkoba maalumu, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa mpiga picha wa jiji la Prague.

Kabla ya hapo lilikuwa limetukia jambo ambalo lilimwachia alama ya kudumu. Mwaka 1926 alifuatana na marafiki zake, wanamuziki wa okestra kubwa ya Wacheki, katika safari ya Italia. Wakiwa huko aliwaponyoka, akaenda peke yake kutafuta mahali alipojeruhiwa. Mahali alipaona, mkono, bila shaka, haukuwapo. Alitoweka kwa miezi kama miwili, akarudi Prague, na tangu siku hiyo hakutoka tena nje ya nchi yake hadi kufa. Wapo wanaosafiri ili wapate cha kupiga picha. Huyu aliacha kusafiri, na ndipo macho yake yakafunguka.

Mwaka 1927 alikodi kibanda cha mbao kilichokuwa katika ua wa nyumba moja mtaani Újezd, upande wa Prague uitwao Malá Strana. Hapo palikuwa studio, chumba cha giza cha kusafishia filamu na, kwa miaka mingi, makazi yake. Božena alihamia huko akawa msaidizi wake. Ndiye aliyeshika nusu ya kazi ambayo mkono mmoja usingeiweza. Kwa hiyo wahenga hawakukosea. Mwana wa Sudek, yaani sanaa yake, alilelewa na mikono mitatu, na haifai historia imtaje kaka na kumsahau dada. Ili wapate riziki, Sudek alipiga picha za matangazo ya vyombo vya kioo na kauri kwa shirika la uchapishaji la Družstevní práce. Picha hizo zilikuwa safi, zenye mwanga mkali na mistari iliyonyooka. Kama angeendelea hivyo, angekumbukwa kama fundi hodari wa biashara.

Tarehe 15 Machi 1939 majeshi ya Ujerumani ya Hitler yaliingia Prague. Kwa miaka sita jiji liliishi chini ya utawala wa hofu. Taa zilizimwa usiku, na mtu aliyezunguka mitaani na kamera kubwa alijitafutia balaa. Sudek alirudi ndani ya kibanda chake, akaigeuza kamera kuelekea dirishani. Mfululizo wa picha za dirisha hilo, alioanza mwaka 1940 na kuuendeleza hadi 1954, ndio pengine kazi yake inayojulikana zaidi. Upande wa pili wa kioo palikuwa na ua mdogo na mti mmoja wa matunda uliopinda. Kioo chenyewe kilikuwa na matone ya mvua, au mvuke wa pumzi, au barafu nyembamba. Dirisha lilikuwa moja na mti ulikuwa mmoja, lakini hakuna picha mbili zilizofanana, kwa kuwa hali ya hewa haikufanana.

Mwaka huohuo wa 1940 aliona picha ya zamani ya sanamu moja ya kanisa la Chartres, Ufaransa. Picha ile ilikuwa imechapwa bila kukuzwa, yaani negativu kubwa ilikuwa imelazwa moja kwa moja juu ya karatasi na kumulikwa, hivi kwamba picha ikatoka kwa kipimo kilekile cha negativu. Alivutiwa mno na jinsi ilivyohifadhi kila chembe ya jiwe. Tangu hapo akaachana na mashine ya kukuza picha. Maana ya uamuzi huo ni kwamba kila alipotaka picha kubwa ilimbidi abebe kamera kubwa. Wenzake walikuwa wakihamia kwenye kamera ndogo za kubebwa shingoni. Yeye, mwenye mkono mmoja, alichagua zile nzito kupita zote.

Hapa sina budi kumweleza msomaji wetu wa Ikweta juu ya majira ambayo Sudek aliyapenda. Lugha yetu ina masika, vuli, kipupwe na kiangazi. Haina neno moja la majira ya Ulaya yaliyo kati ya joto na theluji. Wacheki wanauita mwezi wa Novemba *listopad*, yaani majani kuanguka. Kufikia wiki za mwisho za mwezi huo, ile fahari ya majani mekundu na ya manjano inayochapwa kwenye kalenda imekwisha. Theluji ya kufunika uchafu haijafika. Jua mjini Prague hutoka karibu saa moja u nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi alasiri, na mara nyingi halionekani hata katika saa hizo chache. Anayeifahamu asubuhi ya Julai kule Limuru, ukungu unapolala juu ya majani chai na mtu akatembea hatua chache asionekane, anaweza kuukisia mwanga wake. Ila huku kwetu adhuhuri hufika na jua likachomoza, na kule huendelea wiki baada ya wiki.

Wapiga picha wengi huzifungia kamera zao katika wiki hizo. Sudek alitambua kwamba kwa picha nyeusi na nyeupe huo ndio msimu wa mavuno, na sababu zake zinaelezeka hata katika somo la fizikia. Jua kali huigawa dunia mafungu mawili, penye mwanga na penye kivuli, na filamu hushindwa kuyabeba yote mawili kwa pamoja: hapa patateketea kwa weupe, pale patazama katika giza. Mawingu mazito huusambaza mwanga ukatoka kila upande kwa upole, vivuli vikayeyuka, na kati ya nyeusi na nyeupe kukabaki ngazi ndefu ya rangi za kijivu. Ukungu nao ni matone madogo mno ya maji yanayotawanya mwanga. Kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo matone yaliyo katikati yanavyozidi, na ndivyo kitu hicho kinavyofifia. Mti wa karibu utakuwa mweusi, wa pili wa kijivu, wa tatu kama kivuli cha kivuli. Hivyo ukungu humpimia mtazamaji umbali kwa macho. Aidha, mti uliovuliwa majani huonyesha mifupa yake, yaani jinsi ulivyokua, ulivyopinda na ulivyovunjika, mambo ambayo majani ya kiangazi huyaficha.

Jambo la kufahamu ni kwamba mwanga hafifu hudai subira. Lenzi hulazimika kuachwa wazi kwa muda mrefu, na Sudek hakusita kungoja dakika nyingi, pengine saa, ili picha moja ikamilike. Baada ya vita alipata kamera ya kale ya Kodak, iliyotengenezwa kwa muundo wa mwishoni mwa karne ya 19, ambayo lenzi yake huzunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine na kutoa negativu yenye upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 10 tu. Chombo hicho kilikwisha kuhesabiwa kuwa takataka. Kwa kamera hiyo alizunguka Prague kwa miaka, kwenye madaraja, bustani, viwanja vya nje ya jiji na kingo za mto Vltava. Mwaka 1959 picha 284 kati ya hizo zilitolewa katika kitabu kuhusu Prague. Humo jiji halijavaa nguo za sikukuu. Kuna barabara zenye matope, nguzo za umeme, uzio uliolala na miti mitupu, na juu ya yote hayo anga zito lililoshuka karibu na mapaa ya nyumba.

Alikwenda pia mara kwa mara hadi msitu wa Mionší katika milima ya Beskydy, mashariki mwa nchi, msitu wa asili ambao miti yake huachwa izeeke na kufa yenyewe. Vigogo vilivyokufa vikiwa vimesimama alivipiga picha kwa heshima ileile aliyowapa askari wa Invalidovna. Sihitaji kusisitiza uhusiano uliopo kati ya mwili wake na vigogo vile vilivyokatika matawi. Yeye mwenyewe hakuusisitiza, na picha hazihitaji maelezo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Sudek alianza safari za kwenda kaskazini mwa Bohemia, kwenye eneo la mji wa Most. Chini ya ardhi ya huko kuna makaa ya mawe ya rangi ya kahawia, na serikali ya kikomunisti ilikuwa imeamua kuyachimba kwa ajili ya viwanda na mitambo ya umeme kwa gharama yoyote. Udongo wa juu uliondolewa, vijiji vikahamishwa, na moshi ukaziba mbingu. Magazeti ya serikali yaliiita hali hiyo maendeleo. Sudek alisimamisha kamera yake ya picha pana akayaona mashimo, barabara zisizokwenda popote, mabomba ya moshi kwenye upeo wa macho na miti iliyokauka ikiwa imesimama kama watu waliosahauliwa kituoni. Kazi hii aliiita Mandhari ya Huzuni. Picha hizo hazikutolewa kama kitabu hadi mwaka 1999, miaka 23 baada ya kifo chake.

Wapo wahakiki wanaomlaumu. Wanasema kwamba aliishi chini ya tawala mbili za mabavu, ya Wanazi na ya Wakomunisti, na katika miaka hiyo yote akajificha nyuma ya kioo cha dirisha akipiga picha za mayai, bilauri na maua yaliyonyauka. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Sudek hakutia saini matamko, hakufungwa, na serikali yenyewe ilimtunukia heshima: mwaka 1961 alipewa cheo cha msanii mwenye sifa, akiwa mpiga picha wa kwanza kukipata, na mwaka 1966 akapewa nishani ya kazi. Ingawa hivyo, msomaji na azitazame picha za Most kisha aamue. Hakuna hotuba humo, wala hakuna mtu anayenyoshewa kidole. Lakini hakuna mtu mwenye macho atakayezitazama na kuendelea kuamini kwamba ardhi ile ilitendewa haki. Kuna ushahidi unaotolewa kwa sauti kubwa na ushahidi unaotolewa kwa kukataa kugeuza uso. Huu wa pili huchelewa kusikika, lakini ni mgumu kuukanusha.

Kuna na jambo jingine la kumtetea. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alimpokea kibandani kwake msichana wa Kiyahudi, Sonja Bullaty, aliyenusurika kambi za mateso za Wanazi. Akamfundisha kazi na kumfanya msaidizi wake. Mwaka 1947 Bullaty alihamia New York, akawa mpiga picha mashuhuri, na mwaka 1978 akatoa kitabu kilichowajulisha wengi katika nchi za Magharibi juu ya mwalimu wake. Isitoshe, kibanda cha Újezd kilikuwa baraza la wapenda muziki. Kila wiki marafiki walikusanyika humo, kati ya marundo ya karatasi na vyombo yaliyofika karibu na dari, wakasikiliza sahani za santuri. Mtunzi aliyempenda mno alikuwa Leoš Janáček, na mwaka 1971 zilitolewa katika kitabu picha alizozipiga Hukvaldy, kijiji alikozaliwa mtunzi huyo. Sudek hakuoa. Alifariki tarehe 15 Septemba 1976, akiwa na umri wa miaka 80. Božena aliendelea kuishi hadi mwaka 1990. Kibanda kiliteketea kwa moto mwaka 1985, na kingine mfano wake kikajengwa palepale na kufunguliwa mwaka 2000.

Nirejee Most, kwa kuwa huko ndiko hoja yangu inakopimwa. Miaka michache baada ya Sudek kupita na kamera yake, mji wa kale wa Most ulibomolewa wote ili makaa yaliyo chini yake yachimbwe. Kilichookolewa ni kanisa moja la kale. Mwaka 1975 kanisa hilo lilipandishwa juu ya reli na kusogezwa mita 841 kwa muda wa siku 28, na ulimwengu ukastaajabia ufundi huo. Shimo lililobaki lilianza kujazwa maji mwaka 2008, na mwaka 2020 ziwa likafunguliwa kwa wananchi. Leo anayefika hapo atakuta maji ya buluu, fuo na watu wanaoogelea. Atapiga picha ya rangi, nayo itapendeza.

Ziwa hilo si baya, na wakazi wa Most wana haki ya kulifurahia. Lakini uzuri nao unaweza kufuta kumbukumbu sawasawa na tingatinga. Mtoto anayezaliwa huko leo hataweza kujua kwa kuyatazama maji kwamba chini yake palikuwa na mitaa, wala kwamba kabla ya maji palikuwa na jangwa la tope lililotengenezwa na binadamu. Atalazimika kuambiwa, na anayemwambia atalazimika kuwa na ushahidi. Ushahidi huo upo kwa sababu mzee mmoja mwenye mkono mmoja alibeba kamera nzito hadi mahali ambapo hakuna aliyeona cha kupiga picha.

Basi mwalimu anayewatuma wanafunzi wake waandike juu ya mandhari ya kwao, na asiwaachie mlima, mto na machweo peke yake. Awapeleke pia kwenye machimbo ya mawe yaliyo karibu na shule, kwenye kijito kilichogeuka rangi, kwenye kisiki kilichobaki msitu ulipokatwa, tena siku ya mawingu, jua lisipokuwapo la kuipaka nchi dhahabu ya bure. Wakae hapo hadi waone. Picha za Sudek zina upana wa sentimita 30 tu, ni za kijivu, na nyingi hazina hata mtu mmoja ndani yake. Bila hizo, ziwa la Most lingebaki na sura nzuri na halingekuwa na historia.